Mapengo Katika Mahindi ya Mwalimu

Mashine yangu ya kupandia haikosei. Nimelisema hilo mbele ya wakulima wa Isimani, mbele ya maofisa ugani waliokuja kujifunza kwangu, na mbele ya baba mkwe wangu, ambaye haamini chombo chochote kisichokula majani. Punje huanguka pale nilipoiamuru ianguke. Pasipo na punje, ni kwa kuwa mimi nimeamua pasiwe nayo.

Stashahada yangu ya kilimo niliyoipata Morogoro imetundikwa sebuleni, na ubavuni mwake kipo cheti cha Marekani cha kilimo cha vipimo, yaani kulima kwa satelaiti, vihisi vya udongo na ramani, kila kipande cha shamba kikipewa haki yake. Hakuna mjomba aliyenilipia. Nilipanga maboksi ya mihogo na unga katika duka la vyakula vya Kiafrika kule Silver Spring, nikasoma, nikafaulu, nikarudi nyumbani na mashine zangu mwenyewe. Nayataja haya mapema ili msomaji ajue kwamba anayesimulia si mtu wa kukimbizwa na kivuli chake.

Lakini cheti kilinipa maneno tu. Mikono nilipewa na mtu mmoja wa kule, ambaye sote tulimwita Mwalimu.

Alikuwa Mmarekani mweusi, mrefu, aliyeinama kidogo kama mtu anayeingia mlango mfupi, hata akiwa amesimama katikati ya uwanja. Alikuwa ameendesha treni za abiria mpaka akastaafu, kisha akakodi shamba nje ya Manassas, kwenye ule udongo mwekundu wa Virginia unaonata viatuni kama ugali usioiva. Huko alilima mahindi meupe, kwa sababu mahindi ya njano ya Wamarekani sisi wageni hatukuyataka, na mchicha na majani ya maboga. Jumamosi alifundisha Kiswahili katika chumba cha chini cha kanisa dogo, Takoma Park.

Lugha yenyewe aliisoma ukubwani. Sisi tuliozaliwa nayo tuliivunjavunja tupendavyo, tukasema tunadraivu na tunachek-in, na watoto wetu wakatujibu kwa Kiingereza. Yeye hakuchanganya. Alisema "ilhali" na "kwa mujibu wa" akiwa kwenye foleni ya kulipia vitunguu. Mutiso, kijana wa Machakos niliyefanya naye kazi dukani, alikuwa akimwona mlangoni tu ananinong'oneza: "Msee, taarifa ya habari imefika."

Nilifahamiana naye kwa ubishi. Alileta mahindi mabichi ya kuchoma, mimi nikamenya hindi moja mbele yake na kumwonyesha ncha isiyo na punje. Nikamwambia shamba lake lina upungufu wa mbolea ya kukuzia.

"Ndugu," akasema, "unasema hayo kwa macho au kwa vipimo?"

"Nasema kwa stashahada."

Mutiso akacheka mpaka akaegemea magunia. Mwalimu hakucheka. Alilitazama lile hindi, akanitazama mimi, akasema, "Jumapili uilete hiyo stashahada shambani. Tutaona kama inaweza kupanda juu ya trekta."

Niliipeleka, nikapanda juu ya trekta, na tangu siku hiyo nikawa fundi wake. Na upungufu wa mbolea ulikuwepo kweli, pembe ya mashariki, kama nilivyosema.

Watu wengi humdhania mkulima mzee kuwa mtu wa kunusa udongo na kutazama mawingu. Mwalimu alikuwa kinyume. Udongo aliugusa kwa glavu. Mvua aliichukia kwa sababu ilivuruga vipimo. Macho yake mwenyewe hakuyaamini. Alikuwa na msemo kwamba jicho ni shahidi aliyekwisha kula rushwa. Mwanzoni mwa msimu alikokota nyuma ya gari lake dogo kigari chenye visahani vya chuma vilivyopitisha umeme kidogo ardhini, na kutokana na umeme huo tukapata ramani ya rangi: wapi udongo mzito, wapi mwepesi, wapi maji hukaa. Alikuwa amezika vihisi vya unyevu kila upande, na vilimtumia ujumbe. Alikuwa akifundisha ngeli za nomino, simu inalia mfukoni, anainua kidole na kusema, "Samahani, wanafunzi. Kona ya kaskazini ina kiu."

Mashine alizisemesha, tena kwa adabu. Nilimsikia ndani ya trekta, lile linalojiendesha kwa satelaiti huku yeye amekunja mikono, akiliambia, "Tafadhali geuka. Ahsante." Mtu aliyepima mbolea mpaka gramu, chumvi aliitia kwenye chakula kwa kukisia na akakosea kila mara. Aliwahi kuupima unga na maji kwa mizani ili atupikie ugali, ukatoka uji. Tulikunywa.

Kushukuriwa hakupenda. Ukimshukuru alijibu "naam" na kuondoka, hata kama mlikuwa katikati ya mazungumzo na chai ipo mezani.

Sasa nieleze habari ya mapengo.

Mara ya kwanza niliporusha droni juu ya shamba lake, mahindi yakiwa yamefika kiunoni, nilipata picha ya kunifedhehesha. Shamba lilikuwa zuri, la kijani kizito, lakini limetoboka. Hapa tundu, pale tundu, kila moja duara safi lenye upana wa mkeka wa kulalia, kama khanga iliyoliwa na nondo. Nilidhani mdomo wa mashine ya kupandia ulikuwa unaziba. Nikasogeza picha karibu. Hapana. Kingo za maduara zilikuwa kali mno. Mashine ilikuwa imezimwa kwa makusudi ilipofika pale na kuwashwa tena ilipopita. Nikailinganisha picha na ramani ya udongo, na hapo ndipo nilipokasirika kitaalamu: mapengo yote yalikaa kwenye udongo bora kabisa. Hakuna hata moja lililowekwa kwenye changarawe.

Nikampelekea kishikwambi. "Mwalimu, unapoteza sehemu nono. Nipe dakika chache niyafute haya kwenye faili, mwakani yapandwe."

Akavua kofia yake. Nilidhani anajikuna. "Ngoja hadi Jumamosi," akasema.

Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, alifika na mama mmoja mwanafunzi wake, mtu wa Bukavu, aliyekuwa akisafisha vyumba hotelini. Tulimwita Mama Bukavu. Alikuwa amevaa kitenge na juu yake koti la kazi. Mkononi alishika simu iliyowashwa video, na katika simu ile niliona watu wengi wamesimama kwenye mteremko, kwaya ikiimba, na jeneza. Kwao ilikuwa alasiri.

Mwalimu alitangulia kati ya mistari ya mahindi, akiongozwa na kishikwambi, mama akimfuata, mimi nyuma. Majani yalitukata mikono. Tulipotokea kwenye duara moja, kelele za nje zikakoma kama tumefungiwa mlango. Mahindi yalituzunguka pande zote, juu ni mbingu tu.

"Ni hapa, Papa Mwalimu?"

"Ni hapa. Elekea kule. Bukavu iko kule." Alinyoosha mkono bila kusita, alikuwa amepima.

Mama alitazama simu. "Banamuteremusha," akasema taratibu. "Banamuteremusha sasa." Halafu sauti yake ikapanda: "Kaka yangu anatupa! Anatupa!" Akainama, akachota udongo mwekundu wa Virginia kwa mkono mtupu, akautupa mbele yake chini, kama anautupa shimoni. Akachota tena. Ndani ya simu nilisikia madongo yakigonga mbao. Naapa kwamba kwa mara moja au mbili nilishindwa kujua mlio ule ulitoka kwenye simu au miguuni mwetu.

Alikuwa anamzika mama yake. Makaratasi yake ya kuishi Marekani yalikuwa hayajakamilika. Angetoka asingerudi, na watoto wake walikuwa huko huko Marekani.

Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Mapengo yalianza miaka mingi kabla yangu, kwa mwanafunzi mmoja aliyepata msiba Jumamosi ya darasa. Mwalimu alimuuliza kwao mazishi hufanywaje, akaambiwa kwamba kila ndugu hutupa udongo. Basi akampeleka shambani, mahali palipokuwa na udongo. Baadaye trekta lilipokaribia kupita pale, mkono wake ukakataa. Akapaweka alama kwenye ramani ili mashine iparuke. Habari zikaenea Silver Spring yote, kwa Wakristo na Waislamu, Watanzania, Wakenya, Wakongo. Kaburi lisilo na maiti, lenye anwani kamili. Mutiso naye alimzika baba yake pale. Alikuwa ameniambia alienda kuona daktari wa meno.

Na kwa kuwa Mwalimu alichukia kuona watu wakikanyaga mahindi yaliyokwisha kuota, alianza kuyaacha mapengo mapema, wakati wa kupanda, kabla hayajapata wenyewe. Hayo ndiyo yaliyonisimamisha nywele. Mwezi wa tano anaketi na kishikwambi, anachora maduara. Ikifika kuvuna, hakuna duara lililobaki bila mtu.

"Unajuaje idadi?" nilimuuliza.

"Ninasikiliza darasani. Mtu husema mama anaumwa, baba hali vizuri. Ni hesabu tu, ndugu."

Niliiona kuwa hesabu nzuri. Mtaalamu hupanga kwa takwimu alizo nazo.

Jambo moja nililigundua baada ya kuhudhuria misiba kadhaa ya namna ile. Mwalimu alisimama daima pembeni, kofia kifuani, na hakutupa udongo hata mara moja. Nilidhani ni kwa sababu ya glavu. Siku moja Mama Bukavu, ambaye hakuwa na haya ya kuuliza, akamwambia, "Papa, na weye tupa kidogo kwa ajili ya babu zako."

"Sijui nielekee wapi," akajibu.

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama anavyosema kona ya kaskazini ina kiu. Babu zake walivukishwa bahari bila jina la kijiji. Yule aliyeweza kumpimia kila mtu mwelekeo wa kwao mpaka nukta ya mwisho, yeye mwenyewe hakuwa na pa kuelekeza uso.

Mwaka uliofuata mama yangu aliugua moyo.

Alilazwa Iringa mjini. Dada yangu alinipigia, nikaziona nyaya kifuani mwake na mikono yake imekonda. Mimi pia makaratasi yangu yalikuwa yakisubiri jibu. Wakili alikuwa amenionya nisikanyage uwanja wa ndege. Mama alijua. "Usiharibu mambo yako kwa ajili yangu, mwanangu. Soma. Utanikuta." Kisha akaongeza, kwa kuwa ndivyo alivyo, "Na usiponikuta, nguo zangu nzuri usimpe shangazi yako."

Sikumwambia Mwalimu. Ni muhimu hilo lieleweke. Sikumwambia mtu yeyote, hata Mutiso, kwa sababu sikutaka kuingia kwenye hesabu ya mtu.

Msimu ule kupanda nilipanda mimi. Mwalimu alikuwa na maumivu ya goti, akanisomea mahali pa mapengo nami nikayaingiza kwenye faili kwa mkono wangu. Nilikagua mara mbili. Nikakagua mdomo wa kila mstari wa mashine, nikapuliza mirija, nikapanda shamba zima bila kushuka. Kazi safi. Ningeweza kuipeleka kwenye maonyesho.

Mahindi yalipoota nikarusha droni. Kulikuwa na duara moja zaidi.

Lilikuwa karibu katikati, kwenye udongo bora kuliko wote, lina kingo kali, upana wa mkeka. Nikafungua faili. Halimo. Nikafungua kumbukumbu za trekta, zinazoonyesha kila punje ilipoangukia. Zilionyesha kwamba pale punje zimeanguka, zote, kwa nafasi sawasawa. Nikaenda kwa miguu, nikapiga magoti, nikafukua kwa vidole. Hakukuwa na punje. Hapakuwa na punje iliyooza, wala ganda, wala tundu la panya.

"Hili umeliweka wewe?" nilimuuliza Mwalimu.

"Faili umejaza wewe, ndugu."

"Basi mashine imekosea."

Akalitazama lile duara kwa muda. "Nani mgonjwa kwenu?" akauliza.

Nikasema hakuna.

Kesho yake nikachukua punje mfukoni na kijiti, nikalipanda pengo lile kwa mkono, mstari kwa mstari, kama alivyonifundisha mama nikiwa sijaanza shule. Mwalimu aliniona kutoka barabarani na hakunizuia. Ziliota zote. Nilizitazama kwa furaha isiyo na kiasi. Niliwasha simu nikampigia dada, naye akasema mama amekunywa uji. Wiki ile ile kulungu wakaingia shambani. Kulungu wa Virginia ni wengi kama mbuzi, na hupenda majani machanga, na yale ya kwangu yalikuwa machanga kuliko mengine. Hilo nalielewa na ningeweza kulifundisha. Walikula duara lile mpaka ardhini. Hawakugusa jani lingine lolote katika shamba zima.

Sikupanda tena.

Majira yale ya joto sitayasahau. Mapengo yalipata wenyewe, moja baada ya jingine. Mzee mmoja wa Zanzibar alikuja na jamaa zake wa msikitini, wakasoma Fatiha kwa sauti ya chini. Kila mara simu ya Mwalimu ilipolia na akanyamaza kuisikiliza, niliacha kazi nikaitazama midomo yake. Alipotaja jina la mtu mwingine nilipumua, kisha nikaona aibu ya kupumua. Mutiso alinishangaa. "Siku hizi umekauka, bro. Ni love ama ni immigration?" Nilimwambia ni mitihani.

Duara la katikati lilibaki wazi. Mahindi yaliyolizunguka yalirefuka kuliko yote shambani. Ukipita kando yake, hata siku isiyo na upepo, majani ya pale yalikuwa yakicheza.

Ikafika kuvuna. Mashine ya kukodi ilimeza mistari yote, na lile duara likabaki juu ya mabua yaliyokatwa, tupu vilevile. Mama yangu alikuwa ametoka hospitali. Nilipomwambia Mwalimu, hatimaye, kwamba alikuwa mgonjwa na sasa amepona, alisema "naam" na kuvua kofia.

"Basi lilikuwa la nani?" nikauliza.

"Sijui."

Neno hilo alilichukia kuliko mvua. Alilisema akitazama chini.

Baridi ya mwaka ule mwenye ardhi aliiuza kwa kampuni ya kujenga majengo ya kutunzia data. Wengi wameuza huko. Nikajieleza kwamba pengo lilikuwa la shamba lenyewe, kwamba lile ndilo lilikuwa vuno lake la mwisho. Maelezo mazuri. Yalinitosha kwa miaka. Makaratasi yakatoka, nikamaliza cheti, nikarudi Isimani nikamkuta mama mlangoni, kama alivyoahidi, akiwa amevaa zile nguo zake nzuri.

Mwaka jana nilialikwa Marekani na kampuni inayoniuzia vihisi, niwaeleze vihisi vyao vinavyofanya kazi kwenye ukame. Nilizungumza vizuri, nikapigiwa makofi. Nilipomaliza nikampigia Mutiso, ambaye sasa ni mlinzi. Akaniambia, "Kama unamtafuta yule buda, Mwalimu, kuja kwa kazi yangu. Yeye huwa hapa kila Jumamosi."

Treni ikanishusha Manassas, Mutiso akanichukua. Sikuitambua ile barabara. Shamba lilikuwa limekuwa jengo la kijivu lisilo na dirisha, refu kiasi kwamba mwisho wake ulikuwa umefifia, na kutoka juu yake mafeni yalinguruma sauti moja isiyokatika, ambayo unaisikia kwanza kwenye meno. Kati ya ukuta na uzio kulikuwa na utepe wa nyasi. Mwalimu alikuwa amesimama hapo, fimbo mkono mmoja, kishikwambi chenye kioo kilichopasuka mkono mwingine. Kando yake alikuwa Mama Bukavu, uso wake ukielekea ukuta, umbali wa pua.

"Alama yake iko ndani," Mwalimu alinieleza, kana kwamba tuliachana jana. "Kwa mujibu wa ramani, ni hatua chache kutoka ukutani. Yeye husimama karibu anavyoweza."

Nikatazama kishikwambi. Shamba lilikuwemo lote. Mistari, rangi za udongo, maduara. Kitone cha buluu kinachotuonyesha sisi kilikuwa katikati ya mahindi.

"Wazee, five minutes tu," Mutiso akasema. "Supervisor akicheki camera mimi nimeisha." Lakini mwenyewe alikuwa amevua kofia ya kazi, na alisimama upande wa maegesho, juu ya lami, mahali pamoja tu, akitazama chini. Nikakumbuka daktari wa meno.

Mwalimu alinivuta pembeni. Vidole vyake havikuwa na glavu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuigusa ngozi ya mkono wake, na ilikuwa laini kama ya karani.

"Nasikia una shamba lako. Unapanda kwa satelaiti."

"Mashine yangu haikosei, Mwalimu."

"Vizuri. Niachie mahali."

Nikadhani sikumsikia kwa ajili ya mafeni.

"Mimi nitazikwa hapa, na watu watanitupia udongo, sina shaka. Ila upande ule wa bahari hakuna mtu aliyewahi kuniinamia. Wala mimi sijawahi kuwainamia wangu. Acha mahali padogo kama tulivyozoea. Kisha nitumie vipimo vyake." Alitazama juu ya lile jengo, mashariki, halafu kusini kidogo, akitafuta. "Ili nijue nielekee wapi."

Nilimshukuru kwa heshima hiyo. Akasema "naam" na kuniacha nimesimama.

Nimetimiza. Mvua zilipoanza Isimani, nilichora duara moja kwenye faili, juu ya udongo bora wa shamba langu, nikapanda, nikamtumia namba. Alinijibu kwa sentensi moja: "Leo asubuhi nimetupa udongo." Baada ya hapo simu yake imekuwa ikiita bila kupokelewa. Mutiso ameahidi kwenda kumtazama.

Juzi mama alitaka kuyaona mahindi. Yamefika kiunoni. Nilimshika mkono tukapita mstari kwa mstari, taratibu kwa sababu ya moyo wake, mpaka tukatokea kwenye duara. Nikamweleza la nani. Alisikiliza lote. Akainama kwa shida, akachota udongo, akautupa, akamwamkia yule mtu asiyemjua kwa salamu ya Kihehe: "Kamwene."

Kisha akatembea mbele, akitenganisha majani kwa mikono. Nikasikia hatua zake zikisimama.

"Na hili je?"

Nilimfuata. Alikuwa katikati ya duara jingine, lenye kingo kali, upana wa mkeka. Mahindi yaliyolizunguka yalimzidi kimo. Hapakuwa na upepo, na majani yalikuwa yakicheza.

"Mmarekani wako amekuja na mtu?" akauliza, akitabasamu. "Au hiyo mashine yako imekosea?"

Nilikuwa na punje mfukoni. Mkulima hakosi punje mfukoni. Nilizishika mpaka zikapata joto, nikamtazama mama yangu alivyosimama pale, amependeza, anasubiri jibu, na sikuzitoa.

"Mashine yangu haikosei, mama," nikasema.